Shajara ya mradi: Chale za wembe na rangi iliyobanduka chini ya filamu ya kinga, Tabora

Gari: Toyota Harrier ya 2014, nyeusi, namba ya rangi 202. Mahali: gereji ya rangi, Isevya, Tabora. Msimu: Agosti, kiangazi.

Kazi: kuvua filamu ya kinga ya rangi (mafundi wengi huiita PPF) iliyobandikwa miezi kumi na minne iliyopita kwenye boneti, fenda mbili za mbele, milango minne na bampa la mbele, kutibu madhara yaliyo chini yake, kulirudisha gari bila kupoteza rangi ya kiwandani pasipo lazima.

Lengo hilo la mwisho ndilo linaloamua karibu kila hatua humu. Kiwandani rangi huokwa kwa joto linalozidi nyuzi 100, bodi ikiwa bado haina viti, waya wala plastiki. Gereji haiwezi kurudia hilo. Kwa hiyo paneli itapulizwa upya pale tu ambapo rangi iliyopo haishiki tena au kasoro ni pana mno kujazwa kwa ncha ya kijiti.

Siku ya 1: Kukagua filamu ikiwa bado juu

Gari limeoshwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni laini na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Vumbi la hapa ni mchanga mwembamba. Ukilifuta gari likiwa kavu unaongeza mikwaruzo, kisha hutaweza kuitenga na ile iliyokuwapo.

Tochi imelazwa karibu na uso wa bati, mwanga ukipita sambamba nalo. Kwenye filamu yenyewe: kingo zimeinuka mbele ya boneti, kuna viputo fenda ya kushoto, na uchafu umejikusanya chini ya ukingo wa bampa. Kwenye rangi, kupitia filamu: mistari myembamba iliyonyooka, milimita 2 au 3 kutoka ukingo wa paneli, na mingine inayozunguka vitasa. Jiwe la barabarani haliachi alama ya namna hiyo. Hizi ni chale: filamu ilikatwa ikiwa juu ya gari, na ncha ya wembe ikapitiliza.

Sababu yake ni ya hesabu tu. Filamu ina unene wa mikroni 200 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Klia ya kiwandani chini yake, yaani tabaka angavu linalofunika rangi, ni kama mikroni 40, na rangi yenyewe chini ya klia ni kama 15 hadi 20. Fundi anayetaka kukata filamu nzima kwa pigo moja anabaki na nafasi ndogo sana ya kukosea, na kwenye mpindo mkono hubadilisha nguvu bila yeye kujua. Wembe butu huzidisha tatizo kwa sababu unamlazimu akandamize.

Vipimo vya unene vimechukuliwa juu ya filamu, mara tatu kila sehemu, kisha wastani. Kipande cha filamu kilicholegea kimewekwa juu ya bati tupu na kusoma 198, kwa hiyo tunatoa 200. Boneti: 105 hadi 125. Milango: 104 hadi 118. Fenda ya kulia: 110 hadi 124. Fenda ya kushoto: 270 hadi 345. Bampa ni plastiki, kipimo cha sumaku hakisomi.

Fenda ya kushoto basi ilishapigwa rangi kabla ya filamu kubandikwa. Hili lilipaswa kujulikana siku ya kubandika, maana gundi ya filamu inaweza kuishinda nguvu ya rangi ya gereji iliyopulizwa vibaya. Mwenye gari ameelezwa leo, kabla ya kuvua chochote, kwamba rangi ya fenda hiyo huenda ikatoka na filamu. Amesaini karatasi ya makubaliano. Usivue filamu juu ya paneli yenye kipimo cha namna hiyo bila karatasi hiyo.

Siku ya 2: Kuvua

Gari jeusi likikaa juani Tabora, kufikia saa tano asubuhi bati linachoma mkono, na joto hilo limetumika badala ya kuanza na mashine ya hewa moto. Limesogezwa kivulini lilipofika nyuzi 50 kwa kipimajoto cha mwanga, na mashine ya hewa moto imetumika kuongezea tu, bila kuvuka 60. Filamu baridi hukatika vipande na kuacha gundi. Ikizidi moto hunyooka kama mpira na gundi hubaki juu ya rangi.

Namna ya kuvuta: inua kona kwa ukucha au kadi ya plastiki, ikunje filamu irudi juu yake yenyewe, vuta taratibu huku ikiwa imelala karibu na bati. Ukiivuta wima, nguvu yote inaenda kwenye kung'oa rangi. Karibu na kingo vuta ukielekea nje ya paneli.

Boneti imechukua dakika 50. Milango imetoka salama. Fenda ya kulia salama. Fenda ya kushoto ilianzwa na kona ya chini, polepole, ikiwa nyuzi 55, na bado rangi ilitoka: magamba mawili makubwa kama kiganja, moja juu ya tairi na jingine nyuma ya taa. Chini ya magamba kuna rangi nyeusi ya kiwandani ikiwa bado inang'aa. Hapo sababu imeonekana wazi: aliyepuliza fenda hii zamani hakupiga msasa klia ya zamani, na rangi mpya haikuwa na pa kushikia. Filamu imefichua kosa lililokuwapo. Kosa la aliyeibandika ni kutopima.

Bampa limebanduka kona ya kulia, sentimita 12 kwa 5, hadi plastiki.

Siku ya 3: Gundi, kisha kuhesabu

Mabaki ya gundi yameondolewa kwa kiondoa gundi cha maganda ya machungwa: nyunyiza, acha dakika 3, sukuma kwa kadi ya plastiki, futa, maliza kwa alkoholi ya isopropili. Petroli isitumike: inashambulia rangi ya kurekebishia, na mvuke wake unawaka. Thina ya rangi ndiyo mbaya kuliko zote kwenye paneli iliyopulizwa gereji. Mafuta ya taa hulainisha gundi, lakini huacha utando ambao ukibaki kwenye ukingo utaharibu praima, yaani rangi ya msingi.

Uso ukiwa safi, chale zote zimewekewa teipu yenye namba. Zipo kumi na moja: boneti 1 hadi 6, milango 7 hadi 9, fenda ya kulia 10 na 11. Kila moja imepitishwa katika vipimo viwili ambavyo havihitaji kifaa. Cha kwanza ni ukucha, kuona kama unanasa ukivutwa kukatisha mstari. Cha pili ni maji: lowanisha kwa kidole. Mstari ukipotea ukiwa na maji, chale imeishia ndani ya klia, kwa sababu maji yamejaza mfereji na mwanga haukatiki tena. Ukibaki unaonekana, wembe umefika kwenye rangi au chini zaidi. Rangi ya mstari nayo inasema: kijivu ni praima, hudhurungi ni kutu.

Chale 1, 2, 3, 4 na 10: ukucha haunasi. Chale 5, 8 na 11: ukucha unanasa, maji yanaficha. Chale 6 na 9: kijivu. Chale ya 7, chini ya kitasa cha mlango wa dereva, urefu wa milimita 38: hudhurungi.

Ya saba ndiyo inayosikitisha. Filamu hubandikwa kwa maji yenye matone ya shampuu. Maji hayo yaliingia kwenye mkato uliofika batini, filamu ikafunika juu, na mvua za masika zikaongeza mengine kupitia ukingo uliolegea. Mwenye gari aliamini sehemu hiyo ndiyo iliyolindwa kuliko zote.

Siku ya 4: Chale nyepesi

Msasa wa maji namba 3000 kwenye kibao laini, maji yenye tone la sabuni, kingo za paneli zikiwa zimefunikwa kwa teipu kwa sababu rangi huwa nyembamba pale. Mapigo 15, futa, kausha, pima. Kikomo tulichojiwekea ni mikroni 5 kwa jumla pamoja na polishi. Ukivuka 7 au 8 unaanza kula sehemu ya klia yenye kinga ya jua, na kwa jua la hapa, klia iliyokonda hupauka na kuambuka mapema.

Kipimo chenyewe kinaweza kupotoka mikroni 2 hadi 3, kwa hiyo usomaji mmoja haufai kuamulia. Piga mitatu mahali palepale.

Kisha mashine ya polishi inayozunguka na kuyumba, sifongo ya milimita 125, kampaundi ya kukata kiasi, eneo la sentimita 40 kwa 40, mipito 4 hadi 6 ya polepole, kisha sifongo laini na polishi ya kumalizia. Rangi ya 202 ni laini na inaonyesha kila kitu, hivyo hatua ya pili hairukwi.

Matokeo: chale 1, 3 na 4 zimepotea. Chale 2 na 10 zinaonekana tochi ikilazwa, hazionekani mchana kwa macho. Zimeachwa. Chale ya 2 imetoka 118 hadi 114, na kuifuta kabisa kungehitaji mikroni nyingine nyingi. Kingo za mkato zikishalainika, mwanga haunasi tena, na hilo linatosha kwa alama iliyo milimita 3 kutoka pembeni ya boneti.

Siku ya 5: Chale za kina, awamu ya kwanza

Chale 5, 8 na 11 hazipigwi msasa hadi chini. Zinajazwa. Mfereji umesafishwa kwa alkoholi na brashi laini, ukaachwa dakika 20 kivulini ukauke. Klia yenye hadina (kigumishi chake), uwiano 2 kwa 1, imechanganywa mililita 15 tu, na thina kidogo ili itiririke. Inawekwa kwa ncha ya kijiti cha meno kilichochongwa: gusa mwanzo wa mfereji, iache klia itembee yenyewe. Klia husinyaa thina inapoondoka, kwa hiyo mkono mmoja, yaani tabaka moja, hautoshi. Tumeweka mitatu, saa moja kati ya mkono na mkono, hadi ikainuka kidogo juu ya uso.

Chale 6 na 9 zimepata praima ya epoksi kwanza, mkono mwembamba, kisha rangi nyeusi mara mbili, kisha klia kama hizo nyingine. Kosa la kawaida hapa ni kujaza mfereji wote kwa rangi nyeusi mpaka juu, halafu klia inakosa nafasi na ukisawazisha unakata rangi tupu. Rangi iishie chini ya usawa wa klia inayozunguka.

Chale ya 7 imechukua nusu siku. Kutu imekwanguliwa kwa ncha ya sindano na kipande cha msasa 800 kilichokunjwa, chini ya lenzi. Upande mmoja rangi ilikuwa imeinuka milimita 2 kwa sababu kutu ilitambaa chini yake. Rangi hiyo iliyoinuka imeondolewa yote, hata kama jeraha limekuwa pana zaidi. Ukiacha kutu chini ya ukingo, itarudi kama kipele. Kisha kigeuza kutu chenye asidi ya fosforiki, dakika 15, kikasuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa kwa hewa moto. Suuza kwelikweli, maana asidi ikibaki epoksi haishiki. Epoksi mikono miwili, na imeachwa hadi kesho.

Siku ya 6: Fenda ya kushoto

Swali la kwanza lilikuwa kama rangi iliyobaki kwenye fenda inaweza kuachwa. Imechorwa mistari sita kwa sita ya wembe, milimita 2 kati yake, mahali palipoonekana pazima. Teipu kali imebandikwa na kuvutwa. Vijiraba vingi vimetoka na teipu. Jibu ni kuondoa yote. Kupuliza juu ya rangi isiyoshika ni kumwachia fundi mwingine tatizo hilihili.

Rangi ya gereji imeanza kutoka kwa kadi ngumu ya plastiki na hewa moto, kwa magamba. Iliyogoma imepigwa msasa 180, kisha 240, kisha 320 kwa mashine. Tumesimama tulipofika klia ya kiwandani. Sasa kipimo ni 95 hadi 108, na klia hiyo ikishapigwa msasa ndiyo msingi bora kuliko wowote tunaoweza kuupuliza. Nyuma ya taa, pale palipokuwa 345, kulikuwa na bodifila nyembamba (ujazo wa kuziba mabonde) juu ya bati. Imeondolewa hadi bati, epoksi ikawekwa hapo pekee.

Praima ya kujaza, uwiano 4 kwa 1, mikono miwili, dakika 10 kati yake. Imelala usiku.

Chale ya 7: rangi nyeusi mikono miwili, klia mkono wa kwanza.

Siku ya 7

Rangi ya fenda na bampa imefika kutoka Dar es Salaam kwa lori la mizigo: nusu lita ya 202, lita moja ya klia na hadina yake, kiunganishi cha plastiki. Rangi na thina ni mizigo inayowaka na haifai kuwekwa kwenye buti la basi lenye abiria. Anayefanya kazi mikoani aagize siku ya kukagua, kama ilivyofanyika hapa, la sivyo gari linakaa wiki nzima likiwa wazi.

Fenda: vumbi jeusi limepulizwa kidogo juu ya praima kama kielelezo, kisha msasa 400, kisha 600 wa maji, mpaka weusi wote ukaisha. Weusi unaobaki ni bonde.

Bampa: ukingo wa jeraha umelainishwa kwa 240 na 320 hadi ukucha hausikii ngazi. Kiunganishi cha plastiki, mkono mmoja mwembamba, dakika 10. Praima ya kujaza juu yake. Plastiki ya bampa bila kiunganishi hicho haishikwi na praima ya kawaida, na ndiyo maana mabampa mengi yaliyopigwa rangi barabarani huambuka vipande vikubwa.

Siku ya 8: Kupuliza

Upepo wa kiangazi hapa huamka kuanzia saa nne asubuhi na kuinua mchanga. Kazi ya kupuliza imepangwa saa moja hadi saa tatu. Sakafu na ua umemwagiwa maji tangu saa kumi na mbili. Bati lilikuwa nyuzi 18 mwanzoni na 23 mwishoni. Gari lilisogezwa mbali na mwembe jana jioni, kwa sababu utomvu na wadudu wake hutua kwenye klia mbichi.

Hadina ya klia ina aisosaianeti, sumu inayoharibu mapafu na kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Tumia barakoa yenye vichujio vya mvuke na chembe, vikiwa vipya, miwani, glavu, na mtu yeyote asiye na kinga atoke uani, watoto kwanza.

Kadi ya majaribio imepulizwa na kulinganishwa na mlango juani. Nyeusi tupu isiyo na chenga imelingana, kwa hiyo hatukuhitaji kufifisha rangi kwenye mlango. Gari lingekuwa jeupe la lulu, kama namba 070, mlango ungelazimika kuguswa.

Bunduki nozeli 1.3, shinikizo baa 2, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliopita. Rangi imechanganywa na thina 1 kwa 1 kama kopo lilivyoelekeza. Fenda: mikono mitatu, dakika 8 kati yake.

Bampa limeleta shida kwenye mkono wa kwanza: vishimo vitatu vya duara kando ya ukingo wa chini, rangi ikikimbia katikati. Chanzo ni mabaki yaliyojificha mahali filamu ilipokuwa imekunjwa kwa ndani. Hatukufukia kwa rangi nyingi. Imeachwa ikauke dakika 30, msasa 800, ukingo ukafutwa ndani na nje kwa kisafishio cha mafuta na vitambaa viwili, kimoja cha kulowanisha na kimoja cha kukausha kabla hakijajikausha chenyewe. Kisha mkono mwembamba sana, halafu wa kawaida. Vishimo havikurudi.

Klia, uwiano 2 kwa 1 na thina asilimia 10: mkono wa kwanza mwepesi, dakika 10, wa pili kamili. Jumla mililita 280 kwa fenda, 400 kwa bampa. Hadina ya polepole imetumika, kwa sababu ya haraka ingekauka kabla klia haijalala na kuacha uso wa vidoto kama ganda la chungwa.

Chale ya 7: klia mikono ya mwisho.

Siku ya 12: Kusawazisha

Siku nne za kukauka kwa vijazo na kwa klia. Kusawazisha mapema hung'oa kijazo.

Kwa kila chale iliyojazwa, teipu nyembamba imebandikwa pande zote mbili, ikiacha kilima cha klia peke yake wazi. Msasa 2500 kwenye kibao kigumu cha upana wa kidole, mpaka kilima kinakaribia usawa wa teipu. Ondoa teipu, endelea na 3000 kwa mapigo machache, kisha polishi. Teipu inalinda klia ya kiwandani isiliwe wakati kilima bado kipo.

Chale 5, 8 na 11 hazionekani. Ya 6 na ya 9 zinaonekana ukijua pa kutazama. Ya 7 imebaki doa dogo lenye kivuli kwa sababu upana wake ulizidi milimita 2, na klia imezama kidogo katikati. Imeongezwa tone jingine. Fenda ilikuwa na chembe nne za vumbi, zimeondolewa kwa 2000 na 3000. Fenda sasa inasoma 216 hadi 234.

Siku ya 16: Gari limetoka

Chale ya 7 imesawazishwa mara ya pili, iko sawa.

Gari limeondoka bila filamu. Mwenye gari alitaka mpya papo hapo, ila klia iliyokauka kwa hewa bado inatoa mvuke, na filamu ikiufungia, viputo vinatokea na klia inalainika. Fenda, bampa na chale zote zilizojazwa zitasubiri siku 60 tangu Siku ya 8. Hadi hapo: kuosha kwa sabuni laini, bila nta, na gari lisilale chini ya mwembe.

Masharti ya filamu itakayofuata yameandikwa kwenye karatasi ya gari. Vipande vikatwe kwa mashine nje ya gari kwa kiolezo cha Harrier. Palipo lazima kukata juu ya gari, itumike teipu yenye uzi ndani, ambayo uzi wake ukivutwa hukata filamu kutoka chini kwenda juu. Wembe usiguse rangi hata kwenye vitasa. Vipimo vya mikroni vya leo vimebandikwa ndani ya kifuniko cha boneti, paneli kwa paneli, ili atakayeshika gari asianze kwa kubahatisha.

Siku ya 68, iliyopangwa

Kabla ya filamu: osha, alkoholi, tochi iliyolazwa. Chale ya 7 iangaliwe kwa lenzi kutafuta uvimbe. Ukionekana, hata mdogo kama kichwa cha pini, mlango haufunikwi, unarudi hatua ya Siku ya 5. Kipimo cha teipu kwenye kona ya chini ya fenda ya kushoto, ndani ya ukingo usioonekana. Ikishika, filamu iendelee, boneti kwanza.